Nyumba ya Bibi, Ibra

Jumamosi, 6 Machi 1976

Leo tena mke wa Hashil kauliza tunahama lini. Chumba chetu anakitaka, awaweke mbuzi! Hashil, mtoto wa ami yake Mama, alikuwa anakunywa kahawa. Akajimiminia kikombe kingine. Miaka minne tangu tutoke Unguja tuje huku Ibra, Omani, na bado sisi ni wageni tusiojua kuondoka.

Basi. Nitaitafuta nyumba ya bibi. Marehemu bibi yangu Mabruka hakuwa na hadithi nyingine — "nyumba ya bibi, Ibra, mlango wa msaji, madirisha saba." Mama anasema ni nyumba ya bibi yake Mabruka, aliyemlea. Nikilipata jina la huyo bibi, na hati, tuna pa kukaa.

Jumatano, 10 Machi

Nimeiona! Madirisha saba, nimehesabu. Lakini haiko bondeni kama alivyosema bibi, iko juu kwenye mawe. Watu wanaiita Manqula, iliyohamishwa. Wadi, mto wa mvua, ulishuka mwaka mmoja ukala ukuta. Mwenyewe akaamuru nyumba ivunjwe, mlango na boriti vikapandishwa huku. Kila boriti ina alama za kisu, ijulikane ni ya chumba gani. Imefungwa. Nimeweka kiganja mlangoni nikalia. Mjinga mimi.

Jumapili, 14 Machi

Sleyum, karani wa hati, Mpemba, kanizungusha kutwa mbili. Ati nyumba ya bondeni na ya juu ni mbili, nisichanganye. Nikamuuliza: mlango uleule, boriti zilezile, unahesabuje mbili? Akacheka, akafungua kabati. Hati zote mbili zina jina moja — Thuraya binti Thuwaini. Kabla yake baba yake. Baada yake hakuna mtu!

Mama amelitamka mara kumi, "Bibi Thuraya", kisha akaanza kufunga vyombo. Nikamwambia bado tunataka shahidi. Hakusikia.

Jumanne, 16 Machi

Mzee Khalaf ndiye pekee aliyebaki kati ya walioiona nyumba ikihamishwa. Alikuwa mtoto. Baadaye aliishi Unguja, Kiswahili chake safi kuliko changu. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nataka ushahidi kwamba Mabruka ni mjukuu wa Thuraya.

"Thuraya hakuzaa, mwanangu."

Nikasema, mbona bibi yangu alikuwa akimwita bibi?

"Angemwitaje? Alikuwa bibi yake."

Nikadhani mzee anarudia maneno yangu. Kisha nikaelewa. Bibi! Si mama mzaa mama. Bibi wa bwana na bibi. Na Mabruka mjakazi wake, na jina lenyewe la kupewa.

Miaka thelathini na tano neno hilo liko kinywani mwangu. Na ninafundisha watoto kusoma!

Khalaf akaendelea, akidhani ananifurahisha. Boriti zile Mabruka alizipandisha yeye na wenzake, kichwani, siku baada ya siku. "Alikuwa na shingo yule!" Kwa sifa. Nilitaka kumtupia kikombe. Nikamshukuru.

Alhamisi, 18 Machi

Sijamwambia Mama. Kila nikifungua mdomo ananionyesha sufuria ipi itangulie.

Leo kaja Azzan, mjukuu wa kaka yake Thuraya. Kasikia ninaulizauliza, kaleta ufunguo mwenyewe. Hana ugomvi. Mpole! Tukae, tufagie, tufungue madirisha, tupike akija na wageni kutoka Maskati. Nyinyi ni watu wetu, kasema, tangu zamani. Kwa Kiarabu. Kiarabu cha Mama ni cha sala tu, alichokielewa ni ufunguo. Akapiga kigelegele.

Ningekataa. Ningekwenda wapi? Mke wa Hashil katusaidia kupakia!

Ijumaa, 19 Machi

Tumo ndani. Mama anagusa kuta. Baada ya sala Azzan kaja kututazama, na Mama kaniambia nimuulize chumba cha mama yake, Mabruka, kilikuwa kipi, anataka kusali rakaa mbili humo.

Nikauliza. Azzan akajibu kwa adabu kabisa: chini, ghala ya tende, walilala wote humo. Mama akasema, fasiri. Nikasema hakumbuki vizuri.

Azzan kaondoka. Nimekaa ngazini naandika. Mama kachagua mwenyewe, chumba kikubwa cha juu, chenye upepo. Katandika msala. Ananiita. Anataka niseme ndicho.