Kalavati la Mpakani

Tarehe 3, mwezi wa pili

Binti yangu,

Pokea salamu nyingi kama nyasi, ila si nyasi za barabarani kwangu, hizo nimezifyeka zote. Sisi wazima. Mama yako mguu unamsumbua, mdomo hauna tatizo. Wewe na hilo tumbo hamjambo?

Kalamu nimeishika mwenyewe. Mama yako alitaka amwite mwalimu aniandikie, nikakataa. Mtu aliyetunza barabara kuu ya serikali tangu lami haijapoa hashindwi na karatasi.

Umesema utakuja kujifungulia huku. Njoo. Kipande changu cha barabara hakina mfano, mitaro imechongwa, pembeni pamenyolewa kama kichwa cha bwana harusi. Breki, huyu dereva wa lori la maziwa anayebeba barua zetu, anasema akiingia kwangu usingizi unamshika kwa ulaini. Kasoro ni baba mkwe wako, anayetunza kipande cha kutoka jiwe la mpaka wa vipande vyetu hadi huko mnakoishi. Chini ya jiwe lile pana kalavati la kupitisha maji, na limejaa mchanga hadi kooni. Si langu. Nyapara alipolisimika jiwe, maandishi aliyaelekeza kwake. Jiwe linamtazama yeye, na kinachokutazama ni chako. Mwambie alizibue kabla ya masika.

Ni mimi baba yako, mtunza barabara asiye na mpinzani


Tarehe 12, mwezi wa pili

Shikamoo baba,

Sisi huku hatujambo, na tumbo halijambo, linarusha teke kila likisikia honi. Mama mpe pole ya mguu.

Salamu zako kwa baba mkwe nilizifikisha, nikazipunguza chumvi kwanza. Alikuwa ananoa panga. Akaniuliza mtu hubebea mzigo wapi, usoni au mgongoni? Anasema jiwe limekupa wewe mgongo, kwa hiyo mzigo ni wako. Nikakimbilia jikoni kucheka.

Lakini kicheko hakikukaa. Baba, mkunga ameniambia mtoto amekaa vibaya, nisithubutu kujifungulia mbali na hospitali, na hospitali iko huko kwako, ng'ambo ya jiwe. Likizo yangu ya uzazi inaanza mwisho wa mwezi ujao, masika yakiwa yameshaingia. Kalavati likiziba, maji yatapanda juu ya lami na kuikata, na njia nyingine hakuna. Mafahali wawili mkipigana, safari hii nyasi ni mimi.

Binti yako


Tarehe 20, mwezi wa pili

Binti yangu,

Salamu. Barua nimeisoma. Mama yako naye kaisoma, na tangu hapo ananipakulia chakula kama anamwekea paka.

Methali ya kuziba ufa naijua, mtu asinifundishe. Ila niliapa mbele ya watu, pale kwa fundi baiskeli, kwamba jembe langu halitagusa mchanga ule, na neno langu si shati nilivue jioni. Baba mkwe wako ndiye anayekuona ukipita na tumbo kila siku. Wa kuinama kwanza ni yeye. Mimi toka nizaliwe sijainama, hata mlangoni naingia kiubavu.

Kula vizuri.

Baba yako


Tarehe 15, mwezi wa tatu

Shikamoo baba,

Naomba uzima kwako na kwa mama. Mimi miguu imevimba, mengine namshukuru Mungu.

Mvua ya kwanza imeshanyesha. Breki anasema pale kwenye jiwe maji yalisimama hadi kwenye ngazi ya lori, na ikija nyingine kama ile hatajaribu. Jana nimemwambia baba mkwe yote haya. Akasema na yeye ana neno lake, akatoka nje.

Sitaki kujua kalavati ni la nani. Mimi naomba kupita tu. Nitapanda lori siku likizo ikianza, likifika. Sitaandika tena.

Binti yako


Tarehe 9, mwezi wa nne

Binti yangu, sasa mama mtoto,

Salamu kutoka sebuleni. Najua uko chumba cha pili, ukuta mmoja tu. Mama yako amenikataza kuongea tangu mtoke hospitali, anasema sauti yangu ni ya kuitia malori na mtoto anashtuka. Kwa hiyo naandika, nikupitishie chini ya mlango.

Unadhani kalavati lilijizibua. Sikiliza. Siku moja kabla ya safari yako ilikuwa ya mapumziko, barabara tupu. Nikaona sasa naweza kwenda bila kuonwa na wale wa kwa fundi baiskeli. Nikaingia kalavatini kwa upande wa chini, kwa tumbo, kama kenge. Nikachimba. Kidogo nikasikia upande wa juu nako kunakwaruzwa. Nikasema ni nungunungu. Nikauliza nani huyo. Sauti ikajibu, "Mwenye kalavati."

Ni baba mkwe wako.

Nikamwambia atoke, kalavati ni langu. Akasema langu tangu lini, yeye yumo humo toka mapambazuko. Tukagombana hivyo hivyo, kila mtu anadai ni lake, na majembe hayasimami. Mara mchanga ukaachia, nikauona mkono wake, na maji nyuma yake. Yalitutoa wote kwa upande wangu kama mbegu za papai. Nilimvuta mimi kwa ukosi wa shati. Yeye atakwambia alinisukuma. Usimwamini.

Usiku mvua ikamwaga yote iliyokuwa nayo. Asubuhi tulikuwa pale, mmoja huku mwingine kule, tunaangalia kingo za lami zisimegeke. Ndipo Breki akatokea, wewe mbele kwenye kiti. Amenieleza ulimwambia asisimame, wazee wanagombana tena. Maji yalikuwa yanapita chini yako, mwanangu, na wewe unapita juu. Nilitaka kupunga mkono. Mikono ilikuwa haitaki kunyanyuka, nadhani ni ule uchimbaji.

Baba mkwe wako amefika na Breki sasa hivi. Mama yako naye kamnyamazisha. Tumekaa kwenye benchi, wawili, midomo imefungwa, kofia mapajani.

Mtoto akiamka, tuite. Tuite kwa pamoja, asitangulie mtu.

Babu