Trauti Waliosahau Kuoana

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Mumbuni tuko salama, ng'ombe amezaa, na nyanya yako, susu, anakusalimia sana. Umeuliza, kwa kazi aliyokupa mwalimu, kama ni kweli taa huwachelewesha trauti kukomaa. Ni kweli, niliona mwenyewe nilipokuwa kijana, nikifuga samaki hao kwa mzee mmoja kule Mlima Kenya.

Kidimbwi kimoja kiliwekewa taa usiku kucha. Samaki wake walidhani jua halijatua, wakala, wakanenepa, mambo ya kuoana wakayasahau. Kwenye kidimbwi cha giza madume walikomaa mapema. Wakawa weusi, wakang'atana, wakakataa chakula, wakakonda.

Siku hizo nami nilikuwa nimempenda susu yako, mpishi wetu, na ugali haukupita kooni. Mzee akanitazama mbele ya susu yako, akasema, "Mutiso, hata wewe umekomaa! Wacha tukuwekee taa."

Nilitamani kidimbwi kinimeze. Susu yako alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Kisha akaniuliza, "Kwani ni nani anakukondesha hivyo?"

"Ni wewe," nikasema.

Akachukua sahani yangu, akaniongezea ugali.

Mwalimu mwambie ya samaki tu.

Umau wako,
Mutiso