Mnara wa Tangi Uliojengwa Jumamosi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yametolewa kituoni mbele ya Sajini wa zamu, Ijumaa tarehe 20 mwezi wa tisa, kuanzia saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Jina: limo kwenye jalada. Anajulikana kwa jina la Fundi Timazi.
Umri: miaka 54.
Kazi: fundi mwashi na mtunza majengo wa shule ya msingi.
Makazi: nyumba ya vyumba viwili nyuma ya uwanja wa shule, pamoja na mke wake.

Mimi ni mtu mzima na nina akili zangu timamu. Sikuitwa kituoni, nimekuja kwa miguu yangu.

Nimefanya kazi katika shule hiyo miaka kumi na mmoja. Kwa miaka minne sasa, kila mwezi wa tisa, kampuni moja kubwa ya mjini huleta wafanyakazi wake kujitolea kwa siku moja. Ni watu wa ofisini. Siku hiyo huvaa fulana za rangi moja na kuja kutujengea kitu. Ni watu wa heshima na wanakuja kwa moyo safi, naomba hilo liandikwe. Lakini ukuta hauangalii moyo.

Mwaka wa kwanza walijenga ukuta wa jiko. Walipoondoka niliuangusha kwa teke moja, nikaujenga upya kwa siku tatu. Mwaka wa pili walijenga ngazi za darasa la nne, nikazirudia. Mwaka wa tatu mabenchi ya nje, nayo nikayarudia. Hakuna aliyenituma. Mwalimu mkuu alijua akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Katika hotuba yake kila mwaka alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mimi nilijua mwenyeji anaponaje.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa mbili na nusu asubuhi, yalifika mabasi mawili yenye watu ishirini na wanane. Aliyewaongoza ni yule afisa wa kampuni anayeshughulikia misaada, ambaye watoto wa shule wamempa jina la Bwana Picha kwa sababu hatembei bila mpiga picha. Aliniambia mwaka huu ni mnara wa tangi la maji: nguzo nne za matofali ya saruji, kimo cha mita moja na nusu, juu yake mbao nene, na juu ya mbao tangi la lita elfu mbili. Nilimwambia mnara wa namna hiyo unataka nondo ndani ya nguzo, na unataka wiki mbili za kukauka kabla ya kubebeshwa mzigo. Akasema vifaa vimeshafika na siku ni moja. Kisha akanipa fulana. Ilinibana, nikaivaa hivyo hivyo.

Watu walijigawa saba saba kwa kila nguzo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nguzo mbili za mbele, zinazotazama uwanja, zilijengwa na wakuu wa idara, maana huko ndiko kulikuwa na mwanga mzuri wa picha. Walipanga tofali juu ya tofali, viungo vikafuatana mstari mmoja kutoka chini hadi juu, kama masanduku yaliyopangwa ghalani. Matofali hayakuloweshwa. Mchanga ulikuwa mwingi, saruji kidogo. Kila safu moja Bwana Picha aliwasimamisha wainue vichwa wacheke. Nguzo ya tatu, nyuma upande wa vyoo, ilijengwa na vijana waliokuwa wakishindana nani atamaliza kwanza.

Nguzo ya nne iko nyuma upande wa jiko. Hapo ni kivulini, na mpiga picha hakufika. Watu wake walitawanyika mmoja mmoja hadi akabaki mwanamke mmoja, wa miaka ishirini na kitu. Alinijia akasema, "Shikamoo fundi. Mimi ni wa mapokezi, kazi yangu ni kupokea simu na wageni. Nifundishe, nisije nikawajengea watoto kitu kibovu."

Katika miaka minne hakuna mwingine aliyewahi kuniomba hivyo. Nilimpa mwiko wangu. Nilimwonyesha kulowesha tofali, kulilaza tofali la juu likalie kiungo cha yale mawili ya chini, kushusha timazi, ile kamba yenye uzito inayoonyesha kama ukuta umenyooka, kila safu. Alivua glavu kwa sababu zilimzuia kushika vizuri. Safu ya tano timazi ilipomwonyesha amepinda, sikusema kitu. Aliibomoa mwenyewe akaanza upya. Alichanganya saruji yake pembeni. Nguzo yake ilichelewa kuliko zote na wenzake walimtania kwamba anajenga kasri la mkwewe. Alicheka, akaendelea.

Saa tisa na dakika ishirini walipandisha mbao na tangi tupu. Yule Dada wa Mapokezi alisimama kando yangu, viganja vimemtoka malengelenge, akatazama mnara wote. Akaniuliza, "Fundi, utasimama huu?"

Nikamjibu, "Utasimama, mwanangu."

Nilimjibu hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshapanga. Nilitaka jioni ile nishushe tangi kwa msaada wa mlinzi, nibomoe nguzo tatu, nizijenge upya pole pole. Ile ya nne nilikuwa siigusi. Jibu langu lilikuwa la mnara nilioukusudia mimi. Yeye alikuwa ameuliza ule uliokuwa mbele yetu.

Saa kumi na moja jioni, mabasi yakiwa yameondoka, mwalimu mkuu alinikuta na nyundo mkononi. Ni mama wa watu, hana ubaya wowote na mtu. Aliniambia niweke nyundo chini. Alisema mwaka jana mkuu wa kampuni alipokuja kutembelea alitazama mabenchi, akatazama picha, akaona si yale. Alikasirika, akidhani tumedharau jasho la watu wake. Alisema mkuu huyo anakuja Jumatatu kuzindua mnara, na kuna madarasa mawili tumeahidiwa. "Safari hii usiguse hata tofali moja, fundi. Nakuomba."

Nikaweka nyundo chini.

Jumapili tarehe 15, saa nne asubuhi, nilikwenda kuutazama mnara. Niliisukuma nguzo ya mbele ya kulia kwa kiganja, ikatikisika. Nilirudi nyumbani. Mke wangu akaniuliza mbona chai inapoa. Nikamwambia nimekatazwa kugusa. Akasema, "Umekatazwa kugusa. Kusema hukukatazwa." Nilimwambia shule si yangu. Hakuniongelesha tena hadi usiku.

Jumatatu tarehe 16, saa mbili asubuhi, gari la maji lilijaza tangi. Nilisimama pale tangu mwanzo hadi likajaa. Sikusema kitu. Saa tatu na nusu wageni walianza kufika. Wanafunzi walikuwa wamepangwa mistari karibu na mnara, kama hatua nne. Nilimwendea mwalimu wa zamu nikamwambia pale kuna jua kali, awasogeze watoto hadi kwenye kivuli cha darasa la sita. Akawasogeza.

Hapa Sajini ameniuliza kama kweli pale palikuwa na jua kali. Najibu kwamba kulikuwa na mawingu. Ameniuliza kwa nini basi niliwasogeza watoto. Najibu kwamba nilijua.

Saa nne na robo mkuu wa kampuni alimaliza hotuba. Ilikuwa yeye ndiye afungue bomba, lakini akasema heshima hiyo apewe mfanyakazi aliyejituma kuliko wote, na wenzake wakapaza sauti wakimtaja Dada wa Mapokezi. Alitoka nyuma ya kundi akiwa ameshika mdomo kwa aibu. Aliponipita aliniamkia. Nilikuwa umbali wa hatua sita hivi. Mtu anaweza kusema mengi mwenzake akipita hatua sita tu kutoka kwake. Niliitikia marahaba.

Aliinama mbele ya mnara akafungua bomba. Maji yalitoka. Kisha nilisikia sauti ndogo, kama ya kiti kinachoburutwa chumba cha pili. Nguzo ya mbele ya kulia ilifunguka katikati, ya kushoto ikaifuata, na tangi likaja mbele lote pamoja na mbao. Lilimwangukia miguuni, kuanzia gotini kwenda chini. Maji yalitapakaa uwanjani, na watoto waliokuwa nyuma kabisa wakapiga makofi. Walidhani ndiyo sherehe yenyewe.

Tulikuwa watu tisa kuliinua. Hakulia. Aliuliza kama kuna mtoto aliyeumia. Alipelekwa hospitali kwa gari la mkuu wa kampuni saa nne na dakika thelathini na tano. Mimi nilichukua ufagio nikasukuma maji kuelekea mtaroni mpaka saa saba. Sijui kwa nini. Yangekauka yenyewe.

Jumanne tarehe 17, saa kumi jioni, Bwana Picha alikuja kwangu na karatasi iliyopigwa chapa. Imeandikwa kwamba fundi wa shule, kwa kawaida yake ya miaka yote, huikamilisha kazi ya wafanyakazi baada ya wao kuondoka, na kwamba mwaka huu pia ilikuwa hivyo. Niliisoma mara mbili. Sentensi ya kwanza ni kweli tupu. Ya pili ni uongo. Alikuwa na macho mekundu. Alifungua kalamu ili nitie sahihi. Nilimwambia aiache, nitafikiri. Sikuwa shujaa, nilikuwa nimechoka tu. Karatasi hiyo nimemkabidhi Sajini leo.

Jumatano nilisikia kwamba mguu wa kulia umekatwa juu ya goti.

Alhamisi tarehe 19, saa sita mchana, nilikwenda hospitali. Mama yake mzazi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, akanikaribisha kama mgeni wa nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Binti aliniamkia kwanza. Kisha akasema, "Fundi, nisamehe. Wewe ulinifundisha vizuri, mimi ndiye niliyeharibu. Nadhani ni ile safu ya tano."

Alisema polisi watamwona Jumamosi na atawaambia hivyo hivyo, kwamba yeye hakuwa fundi, alijitia kujua, na watu wengine wasisumbuliwe. Alisema anamwonea huruma Bwana Picha, ana watoto wadogo. Mama yake akawa anamkanda vidole vya mkono, kimoja kimoja.

Nilitaka kumjibu. Nilisema, "Ugua pole," nikatoka. Nilitembea hadi nyumbani, saa mbili za miguu, na basi lilinipita mara tatu.

Nimekuja leo ili maelezo yangu yatangulie yake. Nguzo zilizoanza kuanguka ni mbili za mbele. Ya tatu, ya upande wa vyoo, ilivutwa na mbao ikamwagika. Ya upande wa jiko, aliyoijenga yeye kwa mikono yake, haikuanguka. Ipo mpaka asubuhi hii, nimepita kuitazama nikija hapa. Naomba aambiwe hilo kabla hajaandikisha kosa ambalo si lake. Na naomba aambiwe kwamba aliponiuliza, mimi nilijua, na nikamjibu vingine.

Niliyoyaona na niliyoyajua yanaishia hapo. Nimesomewa yote kwa sauti, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maneno haya kama yalivyotamkwa. Nilimweleza shahidi kwamba sehemu anayosema alijua inaweza kutumika dhidi yake mwenyewe. Alijibu kwamba ibaki. Hakulia wala hakuomba maji. Saa tano na nusu nilikwenda shuleni kukagua eneo. Nguzo tatu ni kifusi. Ya nne, upande wa jiko, imesimama. Niliisukuma kwa mkono, kisha kwa bega. Haikutikisika. Saa nane mchana nilikwenda wodini nikamweleza majeruhi mbele ya mama yake. Aliniomba nirudie.

Sajini wa zamu
(sahihi)