Mama, Bei Imeshuka Tena

Mama,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, mjomba Dadi alishanikemea pale makaburini, lakini mie nitaanzaje kuongea na wewe bila shikamoo? Ungenikata jicho.

Huu ni mwezi wa tano tangu ututoke. Leo nimefunga saluni mapema, nimekuja Kinyerezi, nimekaa juu ya kitanda chako. Viatu nimevua, kwa hiyo usianze. Nina mengi ya kukueleza, na mojawapo ni la kukiri, ndiyo maana nitalizunguka kwanza.

Juzi lori la saruji lilipita hapa barabarani linamwaga unga njia nzima. Nikajikuta nimeshika kiuno namfokea dereva, braza, unamwaga mali ya watu! Na ile ilikuwa sauti yako kabisa. Wewe na kile kiwanda cha saruji. Shoga zako wa upatu kila mmoja zamu yake ikifika anarudi na kabati la vyombo au makochi. Wewe, mama lishe wa Kipawa, ulirudi na karatasi. Hisa. Tukakuuliza tutazikalia vipi. Kuanzia siku hiyo kiwanda kikawa chako. Mkutano wa wanahisa ulikuwa unauvalia kama unakwenda harusini, na mie unanikokota nyuma nikiwa na sare za shule. Sitasahau ule mwaka wakubwa walipomaliza kusoma taarifa yao, wakauliza kama kuna swali, ukasimama na kuuliza kwa nini chooni hakuna sabuni. Ukumbi mzima ulikupigia makofi. Na fundi aliyejenga nyumba hii, alipoleta mifuko ya kampuni nyingine kwa sababu ya unafuu, ulimrudisha nayo dukani na jua lote lile.

Halafu vyuma vikakaza. Wapangaji wa vyumba vya uani wakahama wote ndani ya mwezi mmoja. Nyumba ya jirani, yenye vigae na geti la umeme, ikauzwa bei ya kutupa. Redioni wakatangaza kwamba hisa za saruji nazo zimeporomoka. Issa, mdogo wangu, wakati huo bado yuko kidato cha pili, akaja mbio kutoka uani kukupa habari. Wewe ulikuwa unachambua mchele, na kichwa hukuinua.

"Bei inashuka kwa anayeuza. Mie nimekwambia nauza?"

Kesho yake ukanunua kopo la rangi ya mafuta, nyekundu, ukaandika ukutani kwa mkono wako NYUMBA HII HAIUZWI. Wenzako huandika vile kwa kuogopa matapeli. Ya kwako hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameiulizia! Na herufi ulizianza kubwa mno, zile za mwisho ikabidi zikate kona.

Basi, arobaini yako. Hitma imesomwa, pilau limeliwa, masufuria hata hayajaoshwa, Issa akatoa simu. Siku hizi anauza simu Kiwalani, na ana kile kigrafu cha bei za hisa anachokiangaliaga kila anapovuta pumzi, mstari mwekundu unaoteremka. Akamwonyesha mjomba Dadi. Mjomba miwani aliisahau Newala, lakini alisikitika sana. Issa akasema tuuze vyote, nyumba na hisa, kabla havijawa bure. Mjomba akaunga mkono. Nikasema hatuuzi kitu. Mjomba akaunga mkono. Unamjua kaka yako, yeye yuko na aliyeongea mwisho.

Kikao cha ukoo kilikuwa kimenichagua mie msimamizi wa mirathi, kwa sababu moja tu, kwamba mie ndiye niliyejua makaratasi yako umeyaficha kwenye sufuria la shughuli. Bila saini yangu hakuna kinachouzwa. Issa hakujali. Siku moja niko saluni, akaja hapa na dalali, akafuta maandishi yako kwa rangi nyeupe.

Sasa huyo mtoto wako, Mama. Mtoto wa mwanahisa wa saruji, amekulia kwenye ujenzi, anapaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta. Wateja wa kwanza, mtu na mkewe, walizunguka vyumba vyote, wakasifia kisima. Kutoka nje, mke akaona wekundu unachungulia ukutani. Mji huu nyumba yenye maandishi yale ni ya kawaida. Nyumba ambayo maandishi yamefutwa juzi, hiyo ni kesi. Waliondoka bila kuaga. Mteja wa pili aliuliza aliyeandika yuko wapi, akaambiwa amefariki, akauliza lini, akaambiwa, akaita bajaji. Wa tatu alitaja bei hadi dalali mwenyewe akaona haya. Mvua ya wiki ile ikamaliza kazi. Rangi ya Issa ikabanduka vipande vipande, maneno yako yakabaki yanang'aa kama uliyaandika jana. Mjomba Dadi alisimama mbele ya ukuta akasoma Ayatul Kursiy yote. Issa hakuonekana wiki mbili.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Na sasa ndiyo lile la kukiri.

Mie mwenyewe, Mama, nilikwenda kuuza hisa zako.

Issa sikumwambia. Asubuhi ile zilikuwa zimeshuka tena. Nikajisemea nyumba angalau ni ukuta, inaonekana, lakini ile ni karatasi tu, niokoe kilichobaki. Niliogopa. Sina neno zuri la kulipamba. Niliogopa kuwa yule mtoto aliyekaa anatazama jasho la mama yake linayeyuka mbele ya macho yake. Nikavaa baibui langu la heshima, nikaenda hadi Posta kwenye ofisi ya wakala wa hisa, nikajaza fomu ya kuuzia. Kalamu iko mkononi.

Yule dada wa pale akafungua kompyuta yake, akashtuka kidogo. Akaniambia, "Mama yako alikuwa mkali wa hisa." Mie nilidhani ulinunua mara moja tu, zile za upatu. Kumbe zipo nyingine, kidogokidogo, hapa na pale. Nikamwomba anisomee ulinunua lini. Mwezi walipohama wapangaji, ulinunua. Redio ilipotangaza anguko, ulinunua. Kila palipoporomoka, wewe upo. Nikaanza kupata moto, maana miezi ile naikumbuka kwa tumbo langu.

Ndiyo miezi uliyotufungisha saumu.

Wewe, Mama! Ghafla bin vuu nyumba ikashikwa na dini. Jumatatu na Alhamisi sunna, siku za katikati chakula cha mchana hakuna, tunaambiwa tumbo nalo linahitaji adabu. Ukatuhubiria habari za thawabu hadi Issa akalia. Ustadhi wa madrasa akatutaja mbele ya watoto wote kama familia ya mfano. Kumbe mchele wetu uligeuka hisa za saruji. Nilicheka palepale ofisini, kicheko cha uswahilini, watu wakageuka.

Halafu yule dada akasoma mstari wa mwisho. Ulikuwa mwezi uleule daktari alipotuita, mie na wewe, akatueleza yale aliyotueleza, nawe ukamwambia umeelewa na ukamshukuru. Ukatoka pale, ukanunua. Hisa chache, za mtu aliyechukua kilichobaki kwenye pindo la khanga. Mtu ameambiwa hana muda, ananunua kitu cha kungojea miaka. Ungengoja wewe? Ulitununulia sie, na hukusema. Nililia, Mama. Nililia vibaya. Yule dada akaniletea maji, akafunga mlango, akakaa na mie. Fomu niliikunja nikaitia kwenye pochi, sikusaini.

Nilishukia Kiwalani moja kwa moja, nikamweleza Issa yote, pamoja na ujinga wangu. Alisimama amekodoa. "Njaa ile yote, sista?" Akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha mteja. Kisha akafunika uso, na ndipo akanambia ukweli wake. Siyo grafu iliyomfanya atake kuuza. Hawezi kuingia nyumba hii. Anafungua geti, na hakuna anayemuuliza kama amekula.

Sasa amehamia chumba cha uani. Kila akiingia namuuliza kama amekula, ananijibu vibaya, lakini anajibu. Hatuuzi, Mama. Tumekubaliana wote watatu, mjomba akiwa wa mwisho kuongea.

Na mie nimenunua hisa zangu, kwa hela ya kusuka. Siku ya pili tu zikashuka. Nikatafuta mtu wa kumweleza nilivyoogopa. Sasa ndiyo najiuliza, wewe ulikuwa unamweleza nani? Miaka yote nilidhani huogopi. Yale maandishi hukumwandikia tapeli, uliyaandika uyasome wewe ukitoka asubuhi. Nilikuwepo nyumba hiyohiyo, nami sikujua. Nisamehe.

Nakuahidi sitauza kwa woga. Na wanangu, nikijaaliwa, siku nikiwalaza njaa nitawaambia ni kwa ajili ya nini.

Lala salama, mama yangu. Huna deni kwetu la mchele. Ila zile saumu sie tulizifunga kwa nia safi kabisa, kwa hiyo kama huko wanauliza thawabu zake ni za nani, sema tumekupa zote. Za Issa punguza kidogo. Alikuwa anakunywa maji ya bomba shuleni.

Binti yako,
Somoe