Ng'onda wa Baba Mkwe

Jumapili, 30 Mei

Ardhi imetikisika tena nikinywa chai. Kidogo. Kikombe hakikumwagika. Nimeandika saa, nikaendelea kunywa.

Mji umebakiwa na mbwa, askari na sisi wakaidi. Serikali iliamuru watu waondoke kwa hofu kwamba moto wa mlima wa volkano uliopasuka juzijuzi umepita chini hadi ziwani. Mke wangu Zaina na watoto walipanda boti ya Bukavu Alhamisi. Mimi nilibaki kwa sababu redio haiwezi kusimulia habari za Goma ikiwa Bukavu. Baba yake alibaki kwa sababu ni Muzee Saidi. Aliendesha lori kati ya hapa na Mombasa hadi magoti yakakataa. Lava ilipopita katikati ya mji zamani zile, alibaki. Waasi walipoingia, alibaki, akawauzia sigara. Safari hii Zaina alimlilia. Akajibu: "Mimi kukimbia? Nitakimbia na magoti ya nani?"

Bandarini Zaina aliniambia jambo moja tu: akirudi amkute baba yake. Hakusema nijitunze. Nilikasirika kidogo. Leo hasira imekwisha, kimebaki kile kilichokuwa chini yake. Nimemkumbuka.

Jumatatu, 31 Mei

Mifereji imekauka. Tangi la juu limemezwa na lava. Wale waliosimama ufukweni wakitia klori katika bidoni la maji la kila mtu wamekimbia pamoja na wengine. Nimechota ziwani, nikafunga mabidoni nyuma ya pikipiki hadi nyumbani Katoyi. Nimemwambia Muzee achemshe ya kunywa.

Nilimwambia kupitia mlangoni. Kwao mkwe haingii chumba cha baba mkwe. Hali naye sahani moja. Akitaka kupita ukumbini hukohoa kwanza, ili mzee ajiweke sawa. Miaka yote hii sijamwona bila kofia. Zaina hupita katikati yetu siku nzima akibeba maneno: baba anauliza hiki, baba anataka kile. Sasa hayupo, na nyumba nzima inakohoa.

Simu haikupita.

Jumanne, 1 Juni

Munigi, ambako lava imepita. Jiwe jipya bado linatoa moshi na watu tayari wanatafuta mabati yao chini yake. Mwanamke amesimama mahali palipokuwa jiko lake. Nilimwuliza jina, umri, idadi ya watoto. Alijibu yote bila kunitazama. Sauti ilitoka safi kwenye kinasa.

Nyumbani nimemkuta Muzee amechangamka. Dereva mwenzake wa zamani alimletea ng'onda kutoka pwani siku chache kabla ya mlima kupasuka: nguru aliyekaushwa kwa chumvi, mgumu kama soli. Alimloweka tangu jana kupunguza chumvi. Makaa hayapatikani, kwa hiyo hakumpika. Alimchambua vivyo hivyo, akatia kitunguu, pilipili na ndimu. Harufu ilijaa ua.

Aliniita kutoka barazani. "Mukwe! Kuja uonje bahari! Nyinyi batu ba ziwa munakulaka sambaza, munasema ni samaki!"

Nilikuwa nimeshiba sambaza hizohizo, dagaa wetu, za moto kutoka kwenye mafuta, sokoni Birere. Nilishukuru. Sahani yangu aliifunika. Nilimwacha anakula peke yake, macho amefumba. Nadhani hakuwa Goma wakati ule.

Zaina alipatikana jioni. Sauti ilikatikakatika. Nilisikia "baba", nikasikia mtoto akikohoa, kisha hakuna kitu. Nimeshikilia simu muda mrefu baada ya hapo. Hakukuwa na sababu.

Jumatano, 2 Juni

Muzee hakutoka kunywa chai. Alisema kupitia mlangoni kwamba amechoka.

Nimerudi mchana. Bidoni moja limekwisha. Njia ya chooni imelowa, imemwagiwa maji tena na tena. Mlango wake umefungwa. Nilikohoa.

"Niko muzima, mukwe. Wende ku kazi."

Sauti nyembamba. Nilisimama pale. Mtu mwingine yeyote ningemsukumia mlango. Nilienda kazini.

Alhamisi, 3 Juni

Asubuhi nilikohoa na hakuna aliyejibu. Nikakohoa tena, mjinga mimi. Kisha niliingia.

Alikuwa sakafuni. Macho yamezama. Nilifinya ngozi ya mkono wake, ikabaki imesimama. Shuka limelowa maji meupe kama ya kuoshea mchele. Nimeripoti kipindupindu katika kambi zote za mji huu. Sikuhitaji kuambiwa.

Alivuta shuka lilelile chafu ajifunike. "Toka. Ita mwanamuke."

Hakuna mwanamke. Wako Bukavu, Sake, ng'ambo ya mpaka.

"Basi ngoja Zaina."

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu jana alikuwa anamngoja binti yake aje kumsafisha. Angekufa kwa adabu, mlango umefungwa, mimi nikiwa nje ninakohoa.

Nimembeba. Hana uzito. Nimemfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, nikaendesha pikipiki juu ya mawe hadi kituo cha wagonjwa. Njia nzima kichwa chake kiligonga bega langu. Kilipoacha kugonga niliongeza mwendo.

Muuguzi pale ni mama mmoja mfupi ambaye wote humwita Munganga. Mishipa ya mikono ilikuwa imelala yote. Aliutafuta mshipa mguuni, akaukosa, akautafuta tena. Aliupata. Serumu, maji ya dripu, ikaanza kuingia kwa kasi. Kisha akanigeukia. Wahudumu wengi wamekimbia, kwa hiyo kila mgonjwa anaoshwa na ndugu yake.

"Uko nani yake?"

"Mkwe."

Alicheka hadi barakoa ikashuka. "Hapa hakuna bakwe, papa. Iko ndoo, iko klori, iko mikono. Vaa glavu."

Muzee alisikia. Alifumba macho. Vitanda vya pale vina tundu katikati na ndoo chini. Nilimvua nguo mimi. Nilimwosha mimi. Nilitazama ukuta kadiri nilivyoweza, lakini mtu hawezi kuosha akitazama ukuta.

Ijumaa, 4 Juni

Yuko hai. Amekojoa. Munganga alipiga makofi kama mtu aliyeona bao.

Daktari alinieleza, nikaandika kwa ajili ya redio. Kidudu hiki asili yake si vyoo vyetu. Jamaa zake wengi ni wa baharini, hukaa katika maji ya chumvi, ndani ya kaa na chaza, na pwani huugua wanaokula vitu hivyo vibichi. Huyu wa kipindupindu amejifunza kuishi hata katika maji ya ziwa. Ng'onda mkavu ana chumvi kali mno kwake. Ukimloweka katika maji ya ziwa, chumvi inapungua hadi kipimo kile kidudu anachokipenda. Halafu ukamwacha usiku kucha kwenye joto. Ndimu ya kuonja haikutosha.

Maji niliyaleta mimi. Nilisema achemshe ya kunywa. Juu ya samaki sikusema, naye katika maisha yake yote aliamini kwamba chumvi inaua kila kitu.

Nimetuma ripoti. Jina la mgonjwa sikulitaja.

Zaina alipiga nikiwa nimeshika ndoo. "Baba iko aje?"

"Amelala."

"Niwekee simu, nimusikie anakoroma."

Nilimwekea simu mdomoni. Hakukoroma. Aliita jina la bintiye, basi, mara moja, kama mtu anayeita kutoka mbali sana. Zaina alifurahi. Alisema baba anamwota. Nilirudisha simu sikioni nikitaka kuliita jina hilohilo vilevile. Nikamwuliza hali ya mtandao Bukavu.

Jumapili, 6 Juni

Kituo kimetupa ruhusa ya kurudi nyumbani. Sahani ile iliyofunikwa nimeizika pamoja na kilichokuwamo. Nimepiga klori sakafu ya chumba chake. Muzee aliketi uani akitazama upande mwingine hadi nilipomaliza.

Hajasema nami tangu kituoni. Nikimletea uji wa chumvi na sukari, anashukuru Mungu kwa sauti. Mimi hanishukuru. Leo akitaka kupita ukumbini alikohoa yeye. Amekosa namna ya kunitazama, nami sijui namna ya kumsaidia. Ni Zaina tu angejua. Kila kitu katika nyumba hii kinamngoja yeye, hata aibu.

Jumanne, 8 Juni

Watu wanaanza kurudi. Malori, magodoro, kuku. Nimekwenda bandarini na kinasa sauti. Boti mbili. Zaina hakuwamo.

Nilipata mahojiano mazuri. Siyakumbuki.

Alhamisi, 10 Juni

Zaina ameshuka asubuhi, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Amekonda. Nilichukua mizigo.

Muzee alikuwa barazani, kanzu safi, kofia mahali pake. Zaina alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku. "Baba, juu ya nini umekonda hivi?"

"Tumbo. Kidogo tu. Balinipeleka ku kituo. Bamunganga balinisafisha, bakanirudisha."

Zaina akanitazama. "Ni bamunganga?"

Muzee naye alinitazama. Mara ya kwanza tangu siku ile.

Katika kazi yangu habari isiyo ya kweli haijapata kupita mkononi mwangu nikijua.

"Ni wao," nilisema. "Wamama wazuri sana."

Muzee alishusha pumzi. Baadaye kidogo aliniuliza, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, kama redio imesema lolote kuhusu barabara ya Sake. Nilimjibu. Akauliza tena kuhusu bei ya mafuta. Nikajibu na hilo.

Zaina ameketi uani na sufuria la viazi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya siku zote hizi, na sikujua lipi litangulie. Nimeleta kisu kingine, nikaketi karibu naye, tukamenya.