Mguu wa Dalacha Ulikuwa Baridi

Baba,

Salaam aleikum hapo ulipolazwa, nje ya mji wa Isiolo. Telegramu ilinifikia huku ng'ambo ukiwa umeshazikwa siku tatu. Hatukuagana, na naona wewe hujaondoka.

Nafanya kazi kwenye chumba chenye sumaku kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili bila kisu. Napima kano za ng'ombe, zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha msuli na mfupa. Majuzi nilitoa kano kwenye friji nikaipima hapo hapo. Mchana nikarudia ile ile, imeshapata joto la chumba, namba imepanda. Profesa akadhani mashine imeharibika. Mimi niligeuka, maana nilikusikia nyuma yangu, wazi kabisa: "Talaso, ulishika huo mguu saa ngapi?"

Mwaka ule nilikuwa nimerudi nyumbani Gotu likizo, nimejaa maringo ya sekondari. Wewe ulikuwa umesafiri Sericho. Dalacha, ngamia wako wa kubeba maji, akaamka anachechemea. Nikambonyeza kano ya mguu, ngumu kama kuni. Nikasema imekwisha. Mjomba akamchinja asije akafa kibudu. Msomi kasema, nani abishe? Alipochunwa tukakuta mwiba kwenye wayo. Kano ilikuwa nzima.

Na ulinifundisha mwenyewe: mguu wa asubuhi hauhukumiwi. Ngoja jua liupashe, mtembeze kidogo, ndipo ushike. Uliporudi ukaniuliza saa, nikakujibu, "Mchana, Baba, jua likiwa kali." Ukachukua mtungi ukaenda mtoni mwenyewe, na ukaendelea kubeba hivyo mpaka mvua ikaja. Hukuniuliza tena maisha yako yote.

Sasa unauliza kila siku. Nikifungua friji, upo. Nimeanza kupasha kano hadi joto la mwili kabla ya kupima, na kando ya kila namba naandika joto na saa. Wenzangu wananitania eti nimekuwa mwadhini. Namba zimetulia, Baba, lakini mimi sijatulia. Naogopa ulijua. Afadhali ungenichapa.

Nikija nyumbani nitasimama kaburini nikwambie kwa mdomo. Naahidi sitahukumu tena kitu kikiwa baridi, wala sitaficha saa. Kwaheri, Baba. Mungu akupe kivuli na maji karibu.

Mguu wa Dalacha niliushika alfajiri. Jua lilikuwa halijatoka.

Mwanao,
Talaso