Watano na Nusu

Mama, shikamoo. Mvua imenikwamisha kijijini Ulaya, hii ya Kilosa, nakula ugali na mlenda kwa mwenyeji wangu, Mama Zuhura.

Ile programu ya kompyuta ninayokagulia tafiti zilizochapishwa iligomea utafiti mmoja wa huku. Ilisema wastani wa walaji kwa kila nyumba hauwezi kutoka kwenye idadi ile ya nyumba, maana watu huhesabiwa mmoja mmoja, mtu hakatwi nusu. Nikatumwa kuuliza upya.

“Sisi tunakula watano na nusu,” akasema Mama Zuhura bila kucheka. “Zuhura mchana anakula hapa, usiku kwa bibi yake. Nidanganye ya nini?”

Nilicheka mimi, halafu nikakukumbuka.

Jioni ukipakua, mama, nihesabu nusu. Nusu yangu haijawahi kuondoka hapo jikoni kwako.

Mwanao, Neema